Batri ilipokufa kwenye njia ya Kasumbalesa

Ukisimama asubuhi kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, utaona kamyo zinapita moja nyuma ya nyingine, kubwa kubwa, zimebeba shaba na kobalti ya inchi yetu. Watoto wanazihesabu. Wanajua hata kusoma namba zake: hii ya Tanzania, hii ya Zambia, ile ya Afrika ya Kusini. Lakini ulikwisha kujiuliza watu wanaoziendesha wanalala wapi?

Wanalala mule mule. Nyuma ya kiti cha shofere kuna kitanda chembamba. Kuna pazia, bidoni ya maji, sufuria mbili, radio, na picha ya mke na watoto iliyobandikwa juu ya kioo. Kamyo ni kazi yao, tena ni nyumba yao. Na nyumba hiyo, sawa na nyumba yako, inahitaji moto wa taa. Basi, leo ninataka kukupeleka kwenye njia hiyo, nikuonyeshe mambo niliyoyaona siku nyumba moja ya namna hii ilipokataa kutembea.

Safari

Ilikuwa mwezi wa 7 mwaka 2023. Yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa kwenye mstari wa kamyo karibu na mpaka tangu siku ya kwanza ya juma. Siku ya Posho, mama aliniita asubuhi sana. Alikuwa amefunga mikate, samaki wa kukauka na sombe ndani ya sahani ya chuma. Juu yake aliweka triko ya sufu.

"Umupelekee yaya yako," alisema. "Baridi ya mwezi huu iko mubaya. Na umwambie mutoto wake alipona malaria."

Unajua baridi ya kwetu. Lubumbashi iko juu, kama metre 1,200 juu ya bahari. Juni na Julai, asubuhi, inashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Shika neno hilo la baridi. Tutalirudilia.

Nilipata mafasi ndani ya taksibisi, tukiwa wanne kwenye kiti cha watatu. Tulipotoka mjini niligeuza kichwa. Unaona ule moshini mrefu wa zamani na mlima mweusi karibu yake? Tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Takataka za tanuru zilimwangwa kando kwa miaka mingi, zikazaa mlima. Babu zetu waliona pale majivu tu. Kumbe ndani mlibaki kobalti nyingi. Tangu miaka ya 2000 watu walianza kuuyeyusha tena mlima ule ili kuitoa. Kitu ambacho jana kilitupwa, leo kinatafutwa.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometre 90. Njia ni ya lami, na kuna mahali pa kulipa. Kandokando utaona vichuguu virefu kupita nyumba, vyekundu, miti ikiota juu yake. Utaona magunia ya makala yamepangwa, na moshi wa majani yanayochomwa wakati wa kiangazi. Akina mama wanakimbilia taksibisi na mayai ya kuchemsha. Kisha, kabla ya kufika mpakani, unaanza kuona kamyo zimesimama. Moja, kumi, hamsini. Unaacha kuhesabu.

Mstari ule ni mji. Kuna mama wa bukari, kijana wa kuosha vioo, muuzaji wa unite za simu, fundi wa magurudumu, kinyozi. Mashofere wanafua nguo, wanazitundika kwenye vioo vya kando. Watu wengi walijifunza jina la Kasumbalesa mwezi wa 8 mwaka 2024, wakati Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache sababu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Lakini mashofere walijua mstari ule miaka mingi mbele ya siku hiyo.

"Kamyo inakatala"

Nilimkuta yaya amechuchumaa kando ya kamyo, mbele ya sanduku la batri. Mikono yake ilikuwa myeusi. Hakuniona.

"Yaya, jambo. Iko namna gani?"

"Mudogo wangu, kamyo inakatala. Tangu saa kumi na mbili niko najaribu."

Alipanda, akageuza ufunguo. Tulisikia: tak-tak-tak-tak. Taa za mbele ya kiti zikafifia sawa mshumaa unaopigwa na upepo. Injini haikuzunguka hata mara moja.

Wakati uleule kamyo iliyokuwa mbele yetu iliondoka, ikasogea kama metre 50. Mafasi ikabaki wazi. Nyuma yetu honi zilianza kulia. Ndani ya mstari ule, ukiacha mafasi, wengine wanaingia. Ukipoteza mafasi, unaweza kupoteza siku.

Na tena kulikuwa jambo lingine. Yaya alikuwa amekwisha kumpigia patro wake simu. Patro alijibu kwa kifupi: "Kama weye njo uliua batri, utalipa. Zote mbili." Bei ya batri mbili za kamyo ilikuwa inapita mshahara wake wa mwezi. Na Septemba ilikuwa inakaribia, watoto watatu wanangojea makuta ya masomo. Sasa nilielewa juu ya nini hakunisikia nilipofika.

Vijana walikwisha kukusanyika. Mmoja alikuwa na taksi ndogo na nyaya mbili nene. "Papa, toa dola kumi, tunawasha sasa hivi." Mwingine alimvuta yaya kando. Nilisikia maneno yake, na ninakuandikia jinsi alivyosema: "Mukubwa, sema zimekufa. Tunakutafutia batri za okazio, tunaandika fakture ya mupya. Ile inabakia, tunagawana."

Yaya hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana.

Papa Fundi

Ndipo alikuja mzee mmoja, kofia ya sufu kichwani. Hakuwa na sanduku kubwa la vyombo. Alikuwa na voltimetre ndogo mfukoni, ufunguo mmoja wa bulo, na kipande cha papye ya kusugulia. Wote walimwita Papa Fundi.

Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza.

"Ulipogeuza ufunguo, ilifanya kelele gani?"

Yaya alimwambia.

"Na taa?"

"Zinafifia."

"Muzuri. Basi demarere haijafa."

Msomaji, jifunze hapo. Kelele ya motokari ni sawa maneno ya mgonjwa. Ukisikia tak-tak-tak na taa zikafifia, mara nyingi batri haina nguvu, ao vichwa vyake havikazwi vizuri. Usiposikia kitu na taa haziwaki kabisa, batri imeisha kabisa ao waya imekatika. Lakini taa zikiwaka kwa nguvu na motokari inanyamaza, usikimbilie kununua batri. Tafuta kwenye demarere, kwenye ufunguo ao kwenye nyaya zake.

Papa Fundi alishika vichwa vya batri kwa mkono, akavitikisa. Havikutikisika. Vilikuwa safi, bila ule unga mweupe ao wa kijani unaozuia umeme. Ndipo alitoa voltimetre.

Ujue kwamba motokari ndogo inatumia batri moja ya volti 12. Kamyo kubwa inatumia volti 24, ndiyo maana inawekewa batri mbili, moja imefungwa nyuma ya nyingine, nguvu zao zikijumlishwa. Batri nzima ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, inaonyesha volti 12.6 hivi. Ikifika 12.2 imebaki karibu nusu. Ikishuka chini ya 12, ina njaa kubwa. Kwa hiyo kamyo iliyojaa nguvu inapaswa kuonyesha zaidi ya 25.

Papa Fundi alipima zote mbili pamoja: 23.7. Kijana wa batri za okazio alipiga mikono: "Munaona? Zimekufa!"

"Nyamaza, mutoto," alisema mzee. Akapima ya kwanza peke yake: 12.4. Akapima ya pili: 11.3.

Alisimama, akatuangalia. "Hizi ni mapacha. Zinakula ku sahani moja. Mumoja ameshiba, mwingine iko na njaa. Basi kuko mutu ananyang'anya huyu chakula yake."

Akaanza kufuata nyaya kwa kidole, polepole. Kati ya batri zile mbili alipata waya mwembamba mwekundu. Ulipita chini ya bodi, ukapanda ndani ya kabine. Mwisho wake tuliuona: radio, taa ndogo juu ya kitanda, na mahali pa kuchajia simu.

"Hii waya, nani aliitia?"

Yaya aliangalia chini. "Miye."

Ubaya wa waya mmoja

Hakuna shofere ambaye hataielewa sababu yake. Radio yake ilikuwa ya volti 12. Kamyo inatoa 24, radio ingeungua. Basi alichukua umeme kwenye batri moja tu. Siku ya safari haionekani ubaya. Lakini akisimama siku tano kwenye mstari, akisikiliza habari usiku, akiwasha taa, akichaji simu yake na ya majirani, batri ile moja inatoa, inatoa, na mwenzake anapumzika.

Utasema: injini ikiwaka, si itajaza tena? Hapana. Alternateri inapitisha umeme uleule katika batri zote mbili. Haijui kwamba moja ina njaa. Ile iliyoshiba inajazwa kupita kiasi, maji yake yanachemka na kukauka. Ile yenye njaa haishibi. Kwa miezi michache zote mbili zinaharibika, moja kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa.

Na baridi inaongeza. Ndani ya batri ya motokari kuna sahani za risasi zilizolala ndani ya asidi iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo njia yake ni ileile. Nguvu yake inatoka katika kazi ya asidi na risasi. Baridi inapunguza kasi ya kazi hiyo, na wakati uleule inafanya mafuta ya injini kuwa mazito. Kwa hiyo batri dhaifu inaweza kukudanganya mwezi wa 10, na kukuacha njiani mwezi wa 7 saa kumi na mbili asubuhi.

Kuwasha kwa msaada wa jirani

Kijana wa taksi alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha injini yake. Papa Fundi alimzuia. "Taksi yako iko na 12. Hii iko na 24. Ukifunga bila kujua, utaunguza bintu yako, na utaumiza bantu."

Nyuma yetu palikuwa kamyo ya Tanzania. Shofere wake, mtu wa makamo, alishuka kwa sauti ya upole. "Pole sana, ndugu yangu. Betri zimeisha?"

"Batri moja njo iko na njaa, nyingine iko muzima," yaya alijibu.

Yule Mtanzania alicheka. "Haya, njaa au kuisha, twende tukaiwashe. Ya kwangu ni ishirini na nne kama yako." Msomaji, Kiswahili ni kimoja na ni vingi. Siku ile vilielewana vizuri.

Walileta nyaya nene. Angalia utaratibu wao, sababu watu wengi wanaukosea. Kwanza kamyo zote mbili zilizimwa, wala hazikugusana. Waya mwekundu ulifungwa kwenye alama ya kujumlisha ya kamyo iliyo mgonjwa, kisha kwenye alama ya kujumlisha ya kamyo nzima. Waya mweusi ulifungwa kwenye alama ya kutoa ya kamyo nzima. Na mwisho wake wa pili? Haukuwekwa kwenye batri. Ulifungwa kwenye chuma safi cha injini ya mgonjwa, mbali na batri. Sababu gani? Batri inapochajiwa inatoa gazi inayoitwa hidrojeni. Waya wa mwisho unaweza kupiga cheche. Cheche na hidrojeni vikikutana, batri inapasuka na kumwanga asidi katika macho yako. Kwa sababu hiyohiyo, usivute sigara karibu, wala usiwashe kiberiti kuangalia ndani.

Waliwasha kamyo ya Tanzania, wakangoja dakika kumi. Kisha yaya akageuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, na kisha ikanguruma. Mama mwuza mayai alipiga vigelegele. Kamyo ilisogea, na mafasi yetu haikupotea.

Papa Fundi alipima tena wakati injini inawaka: 28. "Alternateri iko muzima," alisema. Kama angesoma 24 ao chini, ingekuwa hadisi nyingine. Kwa motokari ndogo tafuta kati ya 13.8 na 14.4.

Akakata ule waya mwekundu, akaukunja, akampa yaya mkononi. Hakusema kitu.

Mazungumzo ya jioni

Jioni mstari ulisimama. Papa Fundi alitoa batri yenye njaa, akaipeleka kwenye kibanda chake ili aichaji peke yake usiku kucha, polepole. Sisi tulikaa inje, kando ya mbabula, tukigawana sombe ya mama na yule Mtanzania. Kaka huyo alituambia jambo ambalo ninataka kila mke na mtoto wa shofere alisikie: usikubali baba yenu aingize mbabula ndani ya kabine kwa ajili ya baridi, akifunga vioo. Makala yanatoa gazi isiyo na harufu. Inaua mtu akiwa amelala, wala hajui. Ndiyo maana mama alituma triko. Triko haiui mtu.

Nilimwuliza yaya: "Ulibeba nini safari hii?"

"Kobalti."

"Inaenda kufanya nini?"

Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Batri. Niko nabeba batri za dunia nzima, na yangu inakufa ku njia."

Alisema kweli. Batri za simu na za motokari za umeme ni za namna nyingine, zinaitwa batri za lithiamu. Nyingi zinatumia kobalti, ingawa siku hizi ziko pia zinazotengenezwa bila hiyo. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakifanya kazi Oxford ku Uingereza, walionyesha kwamba kobalti inaweza kufanya batri ya lithiamu iwe na nguvu nyingi. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya batri hizo. Goodenough alikuwa na miaka 97. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, ku Haut-Katanga na ku Lualaba. Inatoka hapa kama unga ndani ya magunia makubwa, inapita Kasumbalesa, inavuka bahari, na sehemu kubwa inasafishwa ku China. Kisha inarudi kwetu ndani ya simu, na sisi tunainunua.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje sababu bei ilikuwa imeanguka sana, na mwezi wa 10 wa mwaka ule ikaanza kugawa vipimo kwa kila kampuni. Watu wanabishana kama ni vizuri. Lakini mimi ninawaza zaidi juu ya jambo lingine. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilipatana kushirikiana katika kutengeneza vitu vya batri, na mwaka uleule kituo cha mafundisho na utafiti wa batri kilifunguliwa ku Universite ya Lubumbashi. Kijana unayesoma, umesikia? Anayechimba anapata kidogo. Anayejua anapata zaidi. Papa Fundi alikuwa na voltimetre ndogo na akili ya kuuliza, na siku ile aliokoa batri mbili ambazo wengine walikwisha kuzizika.

Simu kwa patro

Moto ulipopungua, yaya alitoa ule waya mwekundu mfukoni, akauzungusha kwenye kidole.

"Mudogo, nitamwambia patro nini?"

Njia zilikuwa mbili, na kila mmoja wetu alizijua. Fakture ya yule kijana ilikuwa tayari. Patro alikuwa mbali, hangeona. Makuta ya masomo yangepatikana. Nami sitakudanganya, msomaji: kwa dakika moja nilitamani achukue. Sikusema kitu. Ni mudogo, siwezi kumfundisha mkubwa wangu.

Alisimama, akaenda nyuma ya kamyo. Nilimsikia. "Patro, ni miye. Kamyo inawaka… Hapana, batri hazikufe. Ni waya yangu. Nilitia radio ku batri moja… Ndiyo. Ni kosa yangu."

Kisha kimya kirefu. Nilidhani simu imekatika.

Alirudi, akakaa. "Anasema nitoe ile waya, nilipe fundi mwenyewe. Batri tutaona kama zitaishi."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

Alilala bila radio usiku ule. Asubuhi Papa Fundi alirudisha batri, akapima: 12.6 na 12.6. Ufunguo uligeuzwa mara moja. Siku ya pili yake alivuka mpaka, mimi nikarudi Lubumbashi na sahani tupu ya mama. Miezi miwili baadaye patro mwenyewe alimtilia konvertisere, kile chombo kinachopunguza 24 kuwa 12 kikichukua kwa batri zote mbili sawasawa. Radio iliimba tena. Na watoto watatu waliingia masomo, wawili Septemba, wa tatu alichelewa mpaka Oktoba.

Mambo ya kushika nyumbani

Labda huna kamyo. Lakini katika mipangu mingi umeme ukikatika, watu wanawasha taa na televizyo kwa batri. Basi shika haya:

1. Mbele ya kununua mpya, safisha vichwa vya batri kwa maji ya moto na bikarbonate kidogo, sugua, kausha na kaza vizuri. Mara nyingi ugonjwa ni pale tu.

2. Ukifungua, toa kwanza waya wa alama ya kutoa. Ukifunga, utie wa mwisho.

3. Kwa batri yenye vifuniko, ongeza maji ya batri tu, sahani zifunikwe. Usiongeze asidi wala maji ya robine.

4. Usiache batri na njaa siku nyingi. Inaganda ndani, haipone tena.

5. Usichaji batri katika chumba cha kulala. Iweke mahali penye hewa, mbali na mbabula na watoto.

6. Kama ni batri mbili zinazofanya kazi pamoja, zibadilishe pamoja, na usichukue umeme kwa moja tu.

7. Asidi ikigusa ngozi ao jicho, mwanga maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha kimbilia hospitali.

Na la mwisho ni zito zaidi. Usipasue batri ya zamani kwenye lupangu, wala usiyeyushe risasi yake. Risasi ni sumu. Inaingia katika damu ya mtoto, inaharibu akili yake, na haionekani. Ku Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa katika miezi ya 2007 na 2008, mahali watu walipotafuta risasi ya batri ndani ya mchanga. Ku Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilitia sumu katika mtaa mzima. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua sumu hiyo katika mtoto wake mwenyewe. Alipiga kelele mpaka kiwanda kilifungwa, na mwaka 2020 korti iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilipanda mpaka korti ya juu kabisa. Makuta yanaweza kuamuriwa. Akili ya mtoto hairudishwe.

Kwa hiyo, baba, uza batri nzee nzima nzima kwa watu wanaozirudisha kiwandani. Na ukipita siku moja kwenye njia ya Kasumbalesa, ukiona shofere amechuchumaa kando ya kamyo yake, simama kidogo, umwulize sawa Papa Fundi: "Inafanya kelele gani?" Pengine ni waya moja tu.